Hoki ya barafu: Je, Kanada bado ni bora kuliko wote?

Mwalimu, Nakuru: Ndugu zangu, kila nikilinganisha vikosi naiona Kanada juu kwa vipaji. Mbona basi ubingwa wa dunia ulikwenda kwa Wacheki mwaka 2024 na kwa Marekani mwaka 2025?

Mkazi wa Milimani, Kisumu: Mwalimu, mashindano hayo huchezwa mwezi Mei, wakati NHL, ligi ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, ingali katika hatua ya mtoano, kwa hiyo nyota wengi wa Kanada hubaki na klabu zao. Vikosi kamili vilipokutana Boston mnamo Februari 2025, Kanada iliilaza Marekani 3-2 katika muda wa nyongeza, kwa bao la Connor McDavid, aliyeachwa bila ulinzi mbele ya lango.

Shabiki, Kakamega: Nakubaliana nawe, ila ulinzi usidharauliwe. Ufini ilitwaa dhahabu ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2022 kwa kuwafunga Warusi 2-1, katika mashindano ambayo wachezaji wa NHL hawakushiriki. Uswisi nayo, ambayo mimi naipenda sana, ilifika fainali ya dunia mwaka 2024 na 2025 ikapoteza zote mbili bila kufunga hata bao moja. Inachohitaji ni mfungaji.

Mwalimu, Nakuru: Ahsanteni. Kwa mashindano yenye vikosi kamili, basi, nabaki na Kanada.