Eti tatizo si mtandao, tatizo ni nyumba yangu!

Wanajamvi, nimekata simu sasa hivi na mkono bado unatetemeka. Kampuni ile, ambayo sisi tunaoishi Chicago tunaijua na sina haja ya kuitaja, imenijibu kwamba tatizo si mtandao wao, tatizo ni nyumba yangu. Nyumba yangu! Waliniuzia intaneti isiyo na waya ya masafa ya gigahezi 28, yaani mawimbi ya redio ya juu sana, wakiniapia kwamba kasi kama hiyo sijawahi kuiona, na kweli nikisimama barazani, nikiitazama nguzo yenye antena ng'ambo ya barabara, filamu nzima inashuka kabla sijapepesa jicho. Nikivuka kizingiti kuingia ndani, sauti ya mama kutoka Tanga inanifikia neno moja kwa wiki.

Kijana wa huduma kwa wateja akaniuliza, kwa adabu zote, kama madirisha yangu yana vioo vya kuhifadhi joto. Januari hii, Chicago, nani hana? Akaeleza kwamba vioo hivyo vimepakwa utando wa metali unaoyarudisha mawimbi, na kwamba wimbi lenyewe, lenye urefu wa milimita 11 hivi, huzuiwa hata na kiganja cha mkono. Siku ya kutia saini mkataba hilo halikutajwa. Kisha akamalizia: "Tatizo ni nyumba yako, mzee." Nyumba niliyoilipia miaka 19!

Kobe Mkongwe: Mkuu, bomoa ukuta wa mbele, weka turubai, mawimbi yapite.

Fundi Nguzo: Kijana hakudanganya. Huko juu, kwenye masafa kama hayo, nafasi ya kupitishia data ni pana, mamia ya megahezi kwa mkupuo, na ndiko kasi inakotoka. Lakini mawimbi hayo hufika mita mia chache tu, tena hayavumilii vizuizi. Walipaswa kukufungia kipokezi nje ya dirisha.

Binti Pwani: Ukuta wako angalau haubadiliki. Kwangu mtandao hukimbia majira yote ya baridi, kisha mwezi wa tano mti ulio mbele ya nyumba unachipua majani na kila kitu kinasimama. Nilipolalamika, niliambiwa nisubiri yapukutike.

Kobe Mkongwe: Kata mti.

Fundi Nguzo: Asikate! Mti ulikuwepo kabla ya nguzo.

Binti Pwani: Si wangu, ni wa manispaa, na manispaa hiyo hiyo ndiyo iliyoruhusu nguzo isimikwe nyuma yake.