WANA WA BI MWANAKOMBO

Ijumaa

[06:48] Shangazi Mwanaidi: Assalamu alaykum wana wa Bi Mwanakombo. Iddi anatakiwa hospitali ya CCBRT Dar Alhamisi ijayo, kupimwa vile vifaa vya miguu. Mara mbili tarehe imepita hakupelekwa, nauli haikutimia. Ya tatu haipiti mie nikiwa hai. Nataka majina na pesa kabla ya Jumapili magharibi. Nauli ya mama na mtoto kwenda na kurudi, chakula, bajaji za huko, na akiba kidogo: 180,000.

[06:50] Shangazi Mwanaidi:
1. Mwanaidi 30,000
2.
3.
4.
Nakili, ujaze, urudishe. Namba ya kutumia ni yangu ileile.

[09:15] Shangazi Mwanaidi: Tuko 34 humu. Waliosoma nawaona, ni 21. Hakuna hata mmoja aliyeitika salamu.

[09:22] Juma: Waalaykumu salaam shangazi. Tumesoma, vidole ndo bado vimelala 😂

[09:23] Juma: Kesho Coastal saa 10 Mkwakwani nani anakwenda??

[09:23] Kibwana: Mie 🙋🏾‍♂️

[09:24] Kibwana: Nihesabu na Mussa

[09:26] Shangazi Mwanaidi: Juma sikuulizi mpira. Andika namba 2.

[09:41] Salma Maskati: Waalaykumu salaam shangazi. Niko kazini naandika kwa kujificha. Niweke 50,000. Halafu kuna kile kitembezi cha watoto cha magurudumu, mtoto anakalishwa katikati anajisukuma. Nimekiona dukani kizuri sana. Mwezi ujao kuna mtu anafunga mzigo wa Tanga, nimtumie Iddi kimsaidie kutembea?

[09:52] Shangazi Mwanaidi: Allah akuzidishie mwanangu. Kitembezi usinunue. Nilikuwepo mwenyewe hospitali ya Bombo mwezi wa 3, yule dada wa mazoezi ya viungo alitukataza. Kinamning'iniza mtoto anasimamia ncha za vidole, na miguu ya Iddi ndo hivyo tayari inakaza na kupishana kama mkasi. Kitazidisha. Hiyo pesa lete tununue mbao, Hamisi atengeneze kiti cha kona. Mgongo wake wa pembe unamshika asianguke pembeni, ubao katikati ya mapaja miguu isipishane, na meza mbele ya kuwekea mikono.

[09:53] Salma Maskati: Sikujua shangazi. Basi natuma pesa

[10:05] Hamisi Fundi: Kiti nafanya. Mbao ninazo za mvule mabaki ya kazi ya Raskazoni. Sitaki hela ya ufundi. Nataka vipimo tu

[10:06] Juma: Mwambieni asitumie misumari ya kitanda changu cha harusi 😂😂😂

[10:06] Kibwana: 😂😂😂😂

[10:07] Mussa: Kile kitanda jamani 😂 mtaa mzima uliamka

[10:07] Zuhura: 😂🙈

[10:09] Mjomba Shabani: 😂😂

[10:11] Shangazi Mwanaidi: Mjomba Shabani tangu Maulidi hujaandika neno humu. Leo umeamkia kitanda cha Juma. Kwa Iddi?

[10:30] Mjomba Shabani: 10,000 niweke

[10:34] Rajabu: Mie nauliza kwa nia njema dada usinipandie. Lazima Dar kila siku? Bombo si wanamfanyisha mazoezi hapahapa? Na mtoto chini ya miaka 5 hospitali ya serikali si matibabu bure? Kila mwezi mchango. Kuna mzee Pongwe mtoto wa jirani yangu alikuwa hivihivi, kaogeshwa siku saba sasa anakimbia

[10:58] Shangazi Mwanaidi: Rajabu nakujibu pole pole ili na wengine wasome.
Bombo anakwenda kila wiki na hatuachi. Dar wanataka kumpima vifaa vya plastiki vya kushikilia vifundo vya miguu, nyayo zikae bapa. Mtoto anakua, vinapimwa mguuni kwake.
Matibabu bure, sawa. Basi la Dar si bure.
Huyo wa jirani yako sijui alikuwa na nini. Iddi ana mtindio wa ubongo. Daktari alitueleza, ubongo uliumia mara moja na hauendelei kuumia. Ila mwili usipofanyishwa kazi misuli inafupika, viungo vinakauka, na hapo hata akili ikitaka mguu hauendi. Huyu ana miaka 2 na miezi 7. Wakati wake ndo huu.
Kisomo hatukatai, sisi sote tumekunywa kombe la aya. Lakini mwaka jana mlimwambia wifi asimamishe dawa ya kifafa siku saba za kombe. Dawa ile haikatwi ghafla. Usiku wa tatu mtoto kashikwa mara tatu. Nani alikuwepo? Mimi na wifi na taa ya simu.

[11:00] Shangazi Mwanaidi: Na wewe Rajabu ndo wa mwisho kuhesabu safari za mtoto huyu.

[11:02] Rajabu: Maliza. Usiniachie nusu

[11:02] Shangazi Mwanaidi: Unajua.

[11:03] Rajabu: Sema mbele ya watu

[11:04] Shangazi Mwanaidi: Usiku wa gari la Noah. Tulipiga simu mara kumi na moja.

[11:09] Rajabu: Miaka miwili na nusu mnanila nyama. Simu ilizima. Nimesema kwa mama, nimesema kwa kaka Athumani, nimeapa na msahafu mkononi. Mnataka nini tena

[11:10] Mussa: Jamani leo Ijumaa

[11:12] Baba Iddi: Niko Tunduma foleni ya mpakani mtandao unakuja unaondoka. Dada hilo nilikwisha kulisamehe. Rajabu ni ndugu yangu. Mwanangu asiwe sababu ya

[11:12] *Rajabu ameondoka*

[11:20] Juma: Tiketi za mzunguko zipo kwa Kibwana jamani anayetaka

[11:21] Shangazi Mwanaidi: JUMA.

[11:37] *Shangazi Mwanaidi amemwongeza Rajabu*

[11:38] Shangazi Mwanaidi: Ukoo hauna mlango wa kutokea.

[23:41] Mama Iddi: Assalamu alaykum. Samahanini usiku, ndo Iddi kalala. Nimesoma yote tangu asubuhi.
Shemeji Rajabu mie sina neno nawe. Nakuandikia wazi wote waone.
Shukrani kwa michango. Lakini wifi naomba niseme na langu, usinikasirikie.
Naamka saa 9 usiku kukanda maandazi. Saa 12 nshauza, naanza na Iddi. Mazoezi ni mara tatu kwa siku, kila siku, Bombo wanatuonyesha tu kisha kazi inabaki nyumbani. Namlaza kifudifudi juu ya kanga niliyoiviringa, naweka kifuniko cha sufuria mbele yake ili anyanyue kichwa akitafute. Mwezi wa 3 alikuwa anafika hesabu ya kumi anaangusha uso. Jana kafika arobaini na kifuniko kakipiga kwa kiganja, mpaka jirani kauliza nani anatwanga.
Kula saa nzima. Lazima awe amekaa wima, uji uwe mzito, maji matupu yanampalia. Nikiharakisha anapaliwa, anakuwa wa buluu.
Mnakuja kutuona, Mungu awalipe. Ila mnakaa pale kitandani mnamtazama kama mgonjwa wa mwisho, mnaweka elfu mbili chini ya mto, mnaondoka. Hakuna anayempakata. Mwaka huu mzima wamempakata watu watatu, nawajua kwa majina. Iddi anajua watu. Juma akipita anapiga mluzi, Iddi anageuza kichwa kabla yangu.
Sitaki pesa peke yake. Nataka mtu. Saa mbili asubuhi, hata mara mbili kwa wiki, amshike yeye nilale.
Usiku mwema.

[23:58] Salma Maskati: 😢❤️

Jumamosi

[06:02] Juma: Mama Iddi nisamehe. Mluzi napiga bila kujua kama ananisikia

[06:40] Shangazi Mwanaidi: Nimesoma wifi. Sina hasira.

[10:17] Zuhura: Shkamooni. Bibi kasikilizishwa ujumbe wote, mie nilimsomea. Kasema nirekodi lakini sauti yake haisikiki vizuri kwa kikohozi, kaniamuru niandike neno kwa neno nisipunguze. Naandika

[10:31] Zuhura: BIBI ANASEMA:
Mwanaidi, maneno yako ya kweli ila umeyatoa kwa kelele. Rajabu ni mtoto wangu wa mwisho, ukimchapa mbele ya watu umenichapa mimi.
Gari lile halikuja. Sawa. Mtoto alizaliwa hakulia, walimpiga mgongoni mpaka wakakata tamaa ndo akalia. Nilikuwepo mlangoni.
Lakini baada ya gari nani alikuwa wa pili? Mimi. Mwezi wa 6 shingo haijakaza, mama yake akaja kwangu, nikamwambia babake naye alikuwa mvivu. Mwezi wa 9 hakai, nikasema watoto wa ukoo huu wazito. Mwaka umepita hasimami, nikawaambia mchimbieni shimo la mchanga asimamishwe. Mtoto analia shimoni, mimi nasema mwacheni atazoea. Akaja mama yake akalia kwenye mkeka wangu, nikamwambia subiri. Amekwenda hospitali mtoto ana mwaka na nusu, kwa sababu yangu. Hakuna hata mmoja wenu aliyenilaumu kwa kuwa mimi ni mama yenu.
Basi mkimlaumu Rajabu, mnilaumu na mimi. Mkinisamehe mimi, na yeye msameheni. Habari ya gari isitajwe tena humu mpaka mnizike.
Mama Iddi, kuanzia Jumatatu mlete mwenzangu hapa asubuhi. Nitampakata mimi.
Rajabu njoo kwangu.

[10:32] Zuhura: Kamaliza

[12:50] Mjomba Shabani: Tumesikia mama

[13:05] Mama Iddi: Bibi sina kinyongo. Wallahi sina

[13:20] Shangazi Mwanaidi: Nimesikia mama. Rajabu nisamehe.

[13:48] Zuhura: Ila jamani nasema mie sio Bibi. Goti lake halifai, Iddi ana kilo 11 na akikaza mwili ni mzito zaidi. Kumpakata akiwa amekaa anaweza, kumnyanyua hawezi. Na kumlisha lazima mtu aoneshwe kwanza asije akampalia. Mie Jumatatu na Jumatano niko chuo mpaka saa 6

[13:55] Shangazi Mwanaidi: Basi nani wa kumnyanyua Jumatatu?

[14:40] Shangazi Mwanaidi: Nauliza. Nani?

[15:02] Kibwana: Tunaelekea Mkwakwani tukirudi tunajibu

[15:04] Shangazi Mwanaidi: Astaghfirullah.

[18:26] Juma: Shangazi Jumatatu nitamnyanyua mie kabla ya kwenda gereji. Saa 1 na nusu niwe kwa Mama Iddi nimpeleke kwa Bibi. Kumrudisha ndo sina mtu

[18:27] Juma: Na tumefungwa

[18:29] Mama Iddi: Ahsante Juma. Ukimbeba usimshike kwapani, miguu inakaza. Mkunje magoti akukalie kiunoni, miguu ipanuke. Nitakuonesha

Jumapili

[17:10] Shangazi Mwanaidi: Hesabu mpaka sasa:
1. Mwanaidi 30,000
2. Salma 50,000
3. Mjomba Shabani 10,000
4. Juma 5,000
5. Mussa 10,000 (ahadi)
6. Zuhura 3,000
Jumla 108,000 na kumi yake haijafika. Tunatafuta 72,000. Wenzetu wa Mbagala mliosema mna chumba, Jumatano usiku wanalala kwenu au hawalali? Kliniki saa 2 asubuhi Alhamisi, hawawezi kutoka Tanga alfajiri wakawahi.

[17:11] Shangazi Mwanaidi: Mbagala.

[18:52] Shangazi Mwanaidi: Imeingia 40,000 sasa hivi jina Rajabu. Mungu akulipe mdogo wangu.

[18:53] Shangazi Mwanaidi: Bado 32,000.

[19:30] Rajabu: Jumatano wanaondoka na basi la saa ngapi

[19:31] Shangazi Mwanaidi: La saa 4. Kwa nini?

[19:44] Hamisi Fundi: Mama Iddi nimekatisha mbao bado vipimo. Nataka kiuno nyuma mpaka nyuma ya goti, goti mpaka kisigino, na upana wa makalio. Usiongeze ya kukulia sana, asije akazama

[20:15] Baba Iddi: Nimevuka mpaka. Hamisi nitakuletea kitu nikirudi

[20:16] Juma: Mletee misumari 😂

[21:37] Mama Iddi: Hamisi, Iddi amelala, nimempima kwa uzi kisha nikauweka kwenye rula ya mtoto wa jirani. Kiuno mpaka goti sentimita 21. Goti mpaka kisigino 20, mguu wa kulia haukunyooka sawasawa nimerudia mara mbili. Upana 19.

[21:38] Hamisi Fundi: Umenifikia

[21:40] Shangazi Mwanaidi: Mbagala hamjajibu.