Miezi 10, meno yanaota, hataki chakula chenye mabonge. Nifanyeje?

mama_kifunguamimba
Habari zenu wakuu. Mwanangu ana miezi 10, kilo 8.2. Meno mawili ya chini yameshatoka, juu fizi zimevimba na udenda haukatiki. Tangu alipotimiza miezi sita anakula vya kusagwa kwenye blenda, na uji anapewa kwa chupa ambayo chuchu yake imepanuliwa tundu. Akipewa chenye bonge kidogo tu anakohoa kama anataka kutapika. Tangu juzi anakataa hata hivyo vya kusagwa, anaharisha mara nne kwa siku, joto 38.6. Bibi yake anasema ni meno ya plastiki, apelekwe yakatolewe. Nisubiri magego yaote ndiyo nimpe vya kutafuna? Na ile jeli ya kupaka kwenye fizi inafaa?

nesi_wa_zamu
Dada, meno yaweke pembeni kwanza. Kuota meno kunaleta udenda, kung'atang'ata kila kitu, fizi nyekundu, usingizi wa mang'amung'amu na pengine joto kupanda kidogo sana. Homa ya 38.6 na kuharisha mara nne si kazi ya meno. Vinakutana kwa sababu umri huu mtoto anatambaa, kila anachookota kinaingia mdomoni, na kinga aliyotoka nayo kwa mama imepungua. Nenda kituo cha afya leo, apimwe na malaria. Wakati huohuo nyonyesha kila anapotaka, na kila akiharisha mpe ORS (ile dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji, ya kurudisha maji mwilini) mililita 50 hadi 100 kwa kijiko, taratibu. Akitapika subiri dakika kumi uanze tena polepole. Kituoni ulizia zinki: kuanzia miezi sita ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma mapema. Ukiona macho yamezama, hanywi, amelegea au choo kina damu, usingoje kupambazuke.

Meno ya plastiki hayapo. Ule uvimbe mweupe kwenye fizi ni chonge za utotoni ambazo bado hazijatoka. Wanaozichimbua kwa msumari au spoku ya baiskeli wanamwachia mtoto damu nyingi, pepopunda, hata VVU, na jino la ukubwani lililo chini yake linaharibika. Mwambie bibi kwa heshima, lakini hapo usilegee.

jikoni_na_mtoto
Nesi kamaliza upande wa homa. Akipona, rudi kwenye shida ya pili, maana hiyo haitapona yenyewe.

Usisubiri magego. Ya kwanza hutoka kati ya miezi 13 na 19, ya nyuma kabisa baada ya miaka miwili. Mtoto anatafuna kwa fizi, na fizi za miezi 10 zinaponda ndizi bila taabu. Kinachotakiwa kujifunza ni ulimi: kukisogeza chakula pembeni, kati ya fizi na fizi. Chakula cha blenda hakimfundishi hilo, kinateleza moja kwa moja kooni. Uji wa chupa ndio mbaya zaidi, anafyonza tu, na unabaki ukizunguka meno mapya. Kadiri unavyochelewa kupita miezi tisa ndivyo anavyozidi kuchagua na kukataa, kwa hiyo anza, ila kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza: blenda kabatini, ponda kwa uma. Kiazi kitamu, boga, ndizi bivu, parachichi. Kiwe kizito, ukiinamisha kijiko kisidondoke. Kaa hapo siku tatu nne. Ya pili: ponda nusunusu, mabonge ya ukubwa wa punje ya mchele, kisha ya harage. Ya tatu: vipande virefu vya kushika mwenyewe, unene wa kidole chako, vilivyoiva mpaka ukibana kwa kidole gumba na cha shahada vinapondeka.

Kosa linalowakwamisha wengi ni kumpa mabonge yanayoelea kwenye kitu chepesi: supu yenye vipande vya karoti, uji mwepesi wenye punje. Anameza maji, bonge linamshtukiza, anakataa sahani nzima. Ama kizito chote, ama kipande peke yake.

Kipande cha kwanza usikiweke katikati ya ulimi. Kiweke pembeni, juu ya fizi ya nyuma, umwache akibane. Kalisha mgongo wima, miguu ipate pa kukanyaga.

baba_wa_mapacha
Mkuu, hapo kwenye vipande sikubaliani. Mtoto wa miezi 10 atapaliwa. Bora asagiwe mpaka mwaka.

jikoni_na_mtoto
@baba_wa_mapacha hofu yako ina msingi, ila tutenganishe mambo mawili. Akikohoa, ulimi ukatoka nje, uso ukawa mwekundu na sauti inasikika, hiyo ni kinga ya koo inayosukuma bonge mbele. Kwa watoto iko karibu na ncha ya ulimi kuliko kwetu, na inarudi nyuma kadiri anavyozoea. Muache alimalize mwenyewe, usimtumbukizie kidole, utalisukuma ndani. Kukabwa ni kimya: hakohoi, halii, midomo inabadilika rangi. Hapo mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, mpige mara tano katikati ya mabega kwa kiganja. Haijatoka? Mgeuze, bonyeza kifua mara tano kwa vidole viwili katikati, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Rudia, na mtu mwingine atafute usafiri.

Kinachokaba watoto si kiazi laini. Ni karanga nzima, bisi, mahindi ya kuchoma, pipi, zabibu nzima, karoti mbichi, kipande cha tofaa, nyama ya kutafuna kama mpira, na mwiba wa samaki. Karanga mpe iliyosagwa laini na kuchanganywa kwenye chakula, siyo bonge zito la siagi ya karanga kwenye kijiko. Na asilishwe akiwa analia, amelala chali au anatembea.

nesi_wa_zamu
Nilisahau jeli. Zenye benzokeini (dawa ya ganzi) achana nazo. Mamlaka ya dawa ya Marekani (FDA) ilionya mwaka 2018 zisitumike kwa walio chini ya miaka miwili, kwa kuwa zinaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, na udenda unaziosha ndani ya dakika chache. Osha mikono, sugua fizi kwa kidole dakika moja mbili kabla ya kula, au mpe kitambaa safi kilicholowa na kupoa kwenye friji. Si kwenye friza, barafu inaunguza fizi.

Maumivu yakizidi, parasetamo kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kilo. Kwa kilo 8 ni kama mililita 3.5 hadi 5 za ile iliyoandikwa 120 mg/5 ml. Soma chupa maana zinatofautiana, pima kwa sirinji, acha saa sita kati ya dozi. Na mwambie daktari kama umeshampa, asije akadhani homa imeshuka yenyewe.

Siku fizi zinapouma mpe vilivyopoa: mtindi usio na sukari, parachichi, papai. Chungwa, nanasi na nyanya zinawasha, ziache kwa muda. Akigoma baada ya dakika 20 toa sahani, usimbane pua. Siku chache za kula kidogo si tatizo mradi ananyonya.

mama_kifunguamimba
Asanteni sana, tunajiandaa kwenda kituoni sasa hivi. Swali moja: uji nikiupika mzito hawezi kuumeza, ndiyo maana nilihamia chupa. Na kiasi gani kwa mlo?

ulezi_na_mtama
Uji ukiuongezea maji unajaza tumbo bila nguvu. Tumia kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka uchipue, anika ukauke kabisa, kisha pukuta vichipukizi na vijimizizi vyote. Ukitumia mtama hilo la kupukuta ni lazima, vichipukizi vyake vina sumu. Saga.

Pika uji mzito, epua, uache upoe mpaka uweze kuuonja bila kuungua. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kikombe, koroga. Ndani ya dakika chache utalegea wenyewe. Ukitia kwenye uji unaochemka haulegei, moto unaua kinacholegeza. Kisha rudisha jikoni uchemke dakika tano, maana kimea hubeba vijidudu. Mpe kwa kijiko au kikombe kisicho na mfuniko wa kunyonyea.

Kiasi: nusu kikombe cha mililita 250, mara tatu au nne kwa siku, na kitafunwa laini katikati. Ila uji pekee hauna madini ya chuma ya kutosha. Kila siku pawe na kimojawapo: maharage yaliyopondwa na kutolewa maganda, yai lililoiva, au kijiko cha chai cha unga wa dagaa wasio na chumvi, waliotolewa vichwa na kuoshwa mchanga. Ini mara moja kwa wiki linatosha, lichemshe, lipoe, ulipitishe kwenye kikwaruzio. Chumvi na sukari usitie, na asali isubiri mwaka utimie.