MREJESHO: CASA imekubali kwenye Windows 11

Wakuu, niliomba msaada hapa kuhusu kusakinisha CASA, ile programu ya kuchakata data za darubini za redio kama ALMA ya Chile, kwenye laptop ya Windows. Imekubali.

Aliyesema nisihangaike kutafuta toleo la Windows alikuwa sahihi, halipo. CASA inatolewa kwa Linux na Mac tu. Nimeweka WSL2 (inayoendesha Linux ndani ya Windows) na Ubuntu, aina ya Linux, ndani yake, nikapakua furushi la tar (faili lililofungashwa) la CASA, nikalifungua, basi.

Tatizo lililobaki ni kwamba ilikuwa inagoma kuwaka, ikilalamikia data za vipimo (measures) inazozitegemea kwa mahesabu yake. Matoleo mapya yanataka foda iwepo kabla hujaiwasha:

mkdir -p ~/.casa/data

Ukishaitengeneza, uwe na intaneti, programu yenyewe inashusha humo majedwali ya mzunguko wa Dunia, sekunde ruka (zile za kuoanisha saa na mzunguko wa Dunia) na kadhalika. Bila hayo haiwezi kujua antena ilikuwa inatazama wapi hasa.

Jingine: data zisikae /mnt/c. Kusoma diski ya Windows kutoka WSL2 ni mwendo wa kobe, na faili hizi ni nzito. Nilizihamishia home ya Ubuntu, tclean, amri ya CASA ya kutengeneza picha, ikachangamka. RAM pia, WSL2 kwa kawaida inachukua nusu tu ya RAM ya kompyuta, unaongeza kwenye faili la mipangilio .wslconfig.

Nimejaribu na data za mafunzo za nyota TW Hydrae. Diski ya vumbi inayoizunguka nyota hiyo imetokea safi kabisa kwenye picha. Sasa nahangaika na self-calibration (kusahihisha data kwa kutumia picha iliyotokana nazo zenyewe), hiyo nitaanzishia uzi wake.