Nimepangiwa kuwa zimwi siku ya hadithi shuleni, maski nivae ipi?

BabaWawili:
Wakuu habari za jioni. Shule ya binti yangu hapa Dar wana siku ya hadithi wiki ijayo, wazazi tumeombwa tuje tumevaa kama wahusika wa ngano, na mimi mwalimu kanipa zimwi, lile linalomfungia msichana ndani ya ngoma aimbe, sijui kaangalia urefu au sauti. Nimenunua Kariakoo maski ya mpira ya mtu mzima ya kuvaa kichwa kizima, sura inatisha kweli ila ndani joto balaa, jasho linaingia machoni, miwani inapata ukungu, na nikiongea wife anasema nasikika kama niko kisimani. Na natakiwa nisimulie na kuimba. Nifanyeje? Watoto ni wa chekechea.

FundiJukwaa:
Mkuu hiyo iache, hizo ni za Halloween huko kwa wenzetu, mwisho wa Oktoba kibaridi kimeshaanza, mtu anagonga mlango anapewa pipi anasepa. Wewe unataka maski nusu, inashika paji la uso, pua na mashavu kwa juu, mdomo unabaki wazi sauti inatoka yote. Puliza puto karibu na saizi ya kichwa chako, chanachana magazeti, chovya kwenye uji wa unga wa ngano, bandika tabaka tatu nne, na kila tabaka likauke kwanza, ukiharakisha linaota ukungu na kunuka. Anza leo maana kwa hewa ya Dar hii kukauka siyo mchezo. Pua tumia kikombe cha trei la mayai, nywele katani. Kwa ndani gundisha vipande vya sponji kwenye paji ili isigandane na uso, hewa ipite.

MtuWaNewala:
Wamakonde tulishamaliza hii kitu kwenye mapiko, vile vinyago vyetu vya kuchezea ngoma. Lipiko linachongwa kwa mti mwepesi, linavaliwa kichwani, na mchezaji anaona kupitia mdomo wa kinyago, siyo macho, halafu shingo inafunikwa na kitambaa. Sikwambii ukavae lipiko mbele ya chekechea, yale yana mambo yake ya jando, ila ukiona lazima ufunike uso wote iba hiyo mbinu, acha mdomo mpana na uzibe na kipande cha chandarua cheusi. Unawaona, hawakuoni.

KijanaWaTandika:
Zimwi likujualo halikuli likakwisha, kwa hiyo binti yako yuko salama, hao wengine je 😂

mama_chekechea:
Baba, maski yoyote utakayovaa, usiingie nayo. Wadogo hata wakijua ni baba fulani sura ikibadilika wanalia tu, na akianza mmoja darasa zima limekwisha. Ingia uso mtupu, anza "hadithi hadithi", wakuitikie "hadithi njoo", endelea mpaka pale zimwi linapotokea ndo uivae mbele yao, wakuone ukifunga kamba. Na kuna atakayelia tu, huyo usimkimbilie kumbembeleza ukiwa bado umeivaa jamani!! Muachie mwalimu.

BabaWawili:
Dada hapo kwenye kuivaa mbele yao umenisaidia sana. Naenda na maski nusu. Katani ipo, trei nimeshalikata, sasa hivi naulizwa mayai niliyoyatoa yakae wapi.