Mzunguko wa kilomita 27: bonde la mto, msitu, kisha mgongo wa mlima. Nianzie upande gani?

Mguu_wa_Bonde:

Wakuu, naomba msaada wa kupanga njia. Nimechora mzunguko wa km 27 wenye jumla ya mita 1,400 za kupanda. Unaanzia bondeni, mita 900 juu ya usawa wa bahari, na una vipande vinne:

– km 6 kandokando ya mto kuelekea juu. Kwenye km 5 kuna kivuko kisicho na daraja.
– km 8 za msitu mnene, kutoka mita 1,000 hadi 1,800.
– km 5 za mgongo wa mlima, wazi kabisa, unapanda na kushuka mpaka mita 2,050.
– km 8 za kushuka kwenye mawe na nyasi mpaka pale pa kuanzia.

Tambarare nakwenda dakika 6 kwa kilomita bila shida. Nataka kujua itanichukua muda gani, na kama niukimbie hivyo hivyo au niugeuze, nianze na mawe nimalizie na mto. Mvua za huku hupenda kunyesha mchana.

---

PimaKwanza:

Anza na muda, maana huwezi kuchagua upande kabla hujajua utakuwa wapi saa ngapi.

Km 27 za mlimani si 27. Kanuni ya Naismith, iliyotoka Uskoti mwaka 1892, inampa mtembeaji saa moja kwa kila maili 3, halafu saa nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda. Ukiifanyia hesabu, mita 1 ya kupanda inakula muda wa karibu mita 8 za tambarare. ITRA, chama cha kimataifa cha mbio za njia za porini, kinarahisisha zaidi: kila mita 100 za kupanda zihesabu kama km 1. Kwa hiyo 27 + 14 = 41. Kwa mwendo wako wa dakika 6 hiyo ni saa 4 na dakika 6.

Sasa igawe kwa vipande, kwa sababu jumla peke yake haikusaidii ukiwa njiani. Nimeongeza mita 50 za vipando vidogo vidogo mtoni na 50 msituni ili 1,400 yako itimie:

Mto: 6 + 1.5 = 7.5, dakika 45.
Msitu: 8 + 8.5 = 16.5, dakika 99.
Mgongo: 5 + 4 = 9, dakika 54.
Kushuka: 8, dakika 48.

Hiyo ya mwisho usiiamini. Hesabu hizi huchukulia kwamba mteremko ni kama tambarare, lakini unashuka mita 1,150 ndani ya km 8, yaani wastani wa asilimia 14, tena juu ya mawe. Weka dakika 60 hadi 65. Ongeza kusimama kivukoni, kujaza maji, kuvaa koti na kusoma ramani, unafika saa 4 na dakika 45. Andika saa 5 kwenye mpango wako, na umwachie mtu karatasi yenye njia, saa ya kuondoka na saa ambayo asipokusikia aanze kutafuta msaada.

Msituni tembea. Kwenye mwinuko mkali, kutembea kwa hatua ndefu mikono ikisukuma magoti kunatumia nguvu kidogo kuliko kukimbia kwa kasi ileile ya kupanda. Anayekimbia km zote 8 za msitu anafika mgongoni mapaja yamekwisha, na kazi ngumu bado iko mbele.

---

Mkondo:

Usiugeuze. Kikwazo chenye uwezo wa kukurudisha nyumbani kiwekwe mwanzoni. Ukianza na mto, utaukuta kabla hata ya dakika 45, una nguvu na una siku nzima. Maji yakiwa mengi unageuka na umepoteza km 10 tu. Ukiugeuza mzunguko, unaufikia mto kwenye km 22, umechoka, mchana, saa ambayo mvua inanyesha, na ng'ambo ndiko ulikoanzia. Hapo ndipo watu hujidanganya kwamba "panavukika".

Ondoka saa 12:30 asubuhi: kivukoni kama saa 1:10, juu ya msitu karibu saa 3, mgongo umeumaliza saa 4 na kitu. Radi za mchana zitakukuta unashuka.

Kuhusu kivuko chenyewe, usiangalie anga la hapo uliposimama. Mvua iliyonyesha juu kwenye chanzo cha mto usiku ndiyo inayokuja miguuni kwako. Dalili za kugeuka: maji yamekuwa ya kahawia, yanabeba matawi, au unasikia mawe yakigongana chini. Ukisikia mawe yanabingirika, mjadala umekwisha.

Kama maji ni masafi, tupa kijiti katikati ya mkondo na utembee haraka sambamba nacho. Kikikuacha, usiingie penye kina cha kuzidi goti. Nguvu ya maji haiongezeki sawasawa na kasi yake: kasi ikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Ndiyo maana maji ya gotini yaliyotulia ni mchezo, na maji ya gotini yanayokimbia yanaangusha mtu mzima.

Mahali pa kuvukia tafuta palipo papana, mto ulipogawanyika vijito, kwenye kipande kilichonyooka. Penye wembamba panavutia kwa sababu ng'ambo ni karibu, lakini maji yaleyale yakibanwa yanakwenda chini na yanakwenda kasi. Ukingo wa nje wa kona nao uache, huko ndiko mto unakochimba. Kabla hujaingia, tazama mita 50 chini ya hapo: kama kuna maporomoko, au mti ulioanguka ukikingama majini, hapafai hata kama kina ni kidogo. Maji hupita katikati ya matawi, wewe hupiti.

Fungua buckle zote za kibegi, kifuani na kiunoni. Viatu visivuliwe. Uelekee mto unakotoka, kimshazari kidogo, uwe na fimbo kama mguu wa tatu, na usogeze kimoja tu kwa wakati: fimbo, mguu, mguu.

---

Goti_Imara:

Nakubali kuhusu mto, ila mjue bei yake. Kwa upande huo mnamwachia mteremko wa mita 1,150 mwishoni. Kushuka kunafanya misuli ya mbele ya paja ikaze huku inavutwa, na hapo ndipo nyuzi zake zinapochanika kidogo kidogo. Pumzi haitamwambia kitu, atajiona yuko salama, kisha kwenye km 23 magoti yanaanza kutetemeka na mguu unashindwa kupokea uzito kwenye jiwe.

Dawa ni kuizoesha misuli mapema. Wiki 3 au 4 kabla, tafuta mteremko na ushuke mita 300, wiki inayofuata 500, halafu 700. Maumivu yatakuja, yatakuwa makali kati ya saa 24 na 72, halafu mara ya pili yatapungua sana. Kinga hiyo inakaa wiki kadhaa. Wiki ya mwisho acha.

Siku yenyewe: hatua fupi za harakaharaka, mguu utue chini ya mwili na si mbele yake, macho mita 3 hadi 5 mbele. Ukijiegemeza nyuma kwa woga, uzito unahamia kisigino na kisigino ndicho kinachoteleza. Kaza kamba za kiatu kabla ya kuanza kushuka, la sivyo vidole vitagonga mbele kwa km zote 8 na kucha zitageuka nyeusi.

---

Mguu_wa_Bonde:

Asanteni sana, nimewaelewa: mto kwanza. Maswali mawili zaidi. Programu moja inanipa mita 1,400 za kupanda, nyingine kwa mchoro uleule inasema 1,720. Niamini ipi? Na je, miguu ikilowa kwenye km 5 si nitakuwa na malengelenge kwa km 22 zilizobaki?

---

Kontua:

Usimwamini yeyote kabla hujahesabu mwenyewe. Programu nyingi zinatumia data za mwinuko za setilaiti au chombo cha anga, kwa mfano zile za rada za mwaka 2000, zenye nukta moja kila mita 30. Kwenye bonde jembamba, mchoro wako ukihama mita 20 tu kando unaangukia ukutani badala ya ukingoni mwa mto, na programu inahesabu kupanda ambako hakupo. Msituni rada hiyo mara nyingi ilisoma vilele vya miti badala ya udongo, kwa hiyo ukingo wa msitu unaonekana kama ngazi. Programu moja inalainisha makosa hayo, nyingine inayajumlisha yote. Ndiyo tofauti yako.

Chukua ramani yenye mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, tuseme kila mita 20. Fuata njia kwa kidole, hesabu kila mstari unaouvuka kwa kupanda, zidisha kwa 20. Itachukua nusu saa na utapata jibu la kweli kuliko hayo mawili. Zaidi ya hapo utakuwa umeisoma njia. Kontua zikichora V yenye ncha inayoelekea juu mlimani, hilo ni bonde la kijito. Ncha ikielekea chini, huo ni mgongo. Na kumbuka ukuta wa mwamba wa mita 15 unaweza kujificha wote kati ya mistari miwili, ramani isikuoneshe kitu. Hata hivyo, 1,720 ikiwa ndiyo kweli, kwa hesabu ya PimaKwanza unaongeza dakika 19 tu, kwa hiyo saa 4 na dakika 45 zinakuwa saa 5 na dakika 4, juu kidogo ya zile 5 za mpango wako.

Kitu cha kukagua zaidi ni kama njia ipo. Programu zikichora zenyewe huunganisha vijia ambavyo vimekwisha kuota miti. Kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, fungua maelezo ya kila kipande: vijia vingine vimewekewa daraja la ugumu la chama cha wapanda milima cha Uswisi, T1 hadi T6. Ukiwa peke yako na raba za kukimbilia, kaa kwenye T1 na T2. T3 huweza kukudai mikono. T4 kuendelea si kukimbia tena.

Msituni GPS inayumba kwa sababu ya majani yaliyolowa, na kwenye korongo mawimbi yanadunda kwenye kuta. Saa ikisema uko mita 30 kando ya njia, usikimbilie kukata vichaka. Simama, ngoja nusu dakika, linganisha mwinuko wa saa na kontua. Kama saa yako inapima mwinuko kwa kanieneo (presha) ya hewa, irekebishe kwenye kivuko ambako mwinuko unaujua. Halafu itakufaa kwa jambo jingine: ukiwa umesimama mahali pamoja na saa inaonesha "unapanda", kanieneo inashuka na hali ya hewa inaharibika.

---

Mkondo:

Kuhusu kulowa: kinacholeta lengelenge ni unyevu pamoja na msuguano na mchanga. Viatu viwe vya wavu unaotoa maji. Vile vya kuzuia maji vikishajaa vinayatunza ndani kama ndoo. Soksi za sufu au sintetiki, pamba hapana. Paka mafuta mazito vidoleni na kisiginoni asubuhi. Baada ya kuvuka vua kiatu, kung'uta mchanga, kamua soksi, vaa. Dakika 3. Soksi kavu zibebe, lakini zivae juu ya msitu, si mtoni, kwa sababu umande wa msituni utazilowesha tena. Meno ya soli mm 4 hadi 6 yanatosha. Kwenye mizizi iliyolowa hakuna meno yanayosaidia, ikanyage katikati ya nafasi au iruke.

---

PimaKwanza:

Namalizia na mzigo. Maji: watu wengi wako kati ya mililita 400 na 800 kwa saa kulingana na joto na jasho. Usibebe lita 3 kutoka bondeni. Anza na lita 1, ujaze kijito cha mwisho kabla ya mgongo, kwa kuwa mgongoni hakuna kitu. Kichujio cha mikroni 0.1 kinashika bakteria na vimelea, hakishiki virusi. Vidonge vya klorini vinaua virusi, vipe dakika 30, na maji yakiwa baridi au machafu vipe zaidi. Kunywa kwa kiu. Kujilazimisha maji mengi kunapunguza chumvi kwenye damu, na hiyo ni hatari kuliko kiu kidogo.

Wanga: gramu 30 hadi 60 kwa saa, kuanzia nusu saa ya kwanza. Anayesubiri njaa hawezi kulipa deni hilo kwenye mwinuko.

Koti la mvua lenye kofia, hata kukiwa na jua bondeni. Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo mgongoni kuna baridi zaidi kwa nyuzi 7 hivi kabla upepo haujaanza, nawe umelowa jasho. Ila alfajiri usishangae bonde likiwa baridi kuliko msitu: hewa nzito ya usiku hutelemka na kutuama chini. Taa ya kichwa, blanketi la dharura, filimbi. Ishara ya kuomba msaada ni milio 6 ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha rudia. Aliyekusikia atajibu kwa milio 3.

Na weka saa ya kugeuka kabla hujaondoka nyumbani. Mimi ningeandika hivi: kama saa 4:30 asubuhi sijafika juu ya msitu, au nikiona mwanga wa radi na ngurumo ikafika ndani ya sekunde 30, sipandi mgongoni. Sekunde 30 ni km 10, na radi inaruka umbali huo. Ukiamua kurudi, unarudi kwa njia uliyopanda nayo, yaani kivuko kilekile, kwa hiyo asubuhi unapovuka tia alama ya kimo cha maji kwenye jiwe. Ukirudi ukakuta alama imezama, kaa upande wa juu, mbali na ukingo, usubiri. Mto mdogo wa mlimani hushuka saa chache tu baada ya mvua kukatika.