Ndege wa rangi anayefukia mbegu na kulia kama mwewe, anaitwaje huyu?

Kijana wa Bonde:
Wakuu habari za wikendi. Niko Uingereza, nyuma ya nyumba kuna kamsitu ka mialoni, sasa tangu Oktoba ianze kuna ndege anatua hapa, ukubwa kama njiwa hivi, mwili kahawia ya kupauka inaelekea pinki, kwenye bawa ana kipande cha bluu kali chenye mistari myeusi na akiruka unaona kiunoni mweupe pee. Anachimba nyasi, anatema mbegu ya mwaloni, anaigonga na mdomo mpaka inazama halafu anaokota jani anafunika, kama mtu anaficha hela! Juzi nasikia mwewe analia, natoka nje, kumbe ni yeye. Ndege gani huyu?

Mpenda Mbawa:
Huyo ni jay mkuu, ukoo mmoja na kunguru so akili usishangae. Anaweka akiba ya winta. Anajaza mbegu kadhaa kooni kwa mpigo ila anazifukia mojamoja, kwa msimu anaficha maelfu, na zile asizozirudia ndo zinaota. Mbegu ya mwaloni nzito upepo hauibebi, kwahiyo mialoni mingi iliyoota mbali na mti mama kapanda yeye. Sauti anaiga tu, ya mwewe, hata ya paka.

Bi Mdadisi:
Cambridge waliwafanyia majaribio, matokeo yalitoka 2013. Dume humlisha jike wakati wa kuchumbiana, sasa akiona jike kashakula aina moja ya funza mpaka kakinai, anampelekea aina nyingine 😂 kuna waume humu hawafikii hapo. Halafu akijua kuna mwenzake karibu anayemsikia ila hamuoni, anapunguza kuficha kwenye changarawe maana inapiga kelele, anafukia zaidi kwenye mchanga.

Kijana wa Bonde:
Duh! Naweza kumzoesha?

Mpenda Mbawa:
Kunguru hafugiki mkuu, na sheria ya huko hairuhusu kukamata ndege wa porini kiholela. Weka karanga zisizo na chumvi alfajiri ukae ndani utulie, ni muoga sana. Na siku ukimkuta katandaza mabawa juu ya kichuguu cha sisimizi usidhani anakufa, anawachokoza makusudi wamrushie asidi kwenye manyoya.

Bi Mdadisi:
Ila ndege wadogo wa hapo hawamtaki kabisa, wakishataga anapita kwenye viota anakula mayai na makinda.